Naomba ushauri: breki ya mbele inalegea kila asubuhi baada ya sevisi

Habari zenu wakuu. Juzi nimechukua pikipiki kwa fundi, kabadilisha pedi za mbele na mafuta ya breki (DOT 4). Kabla ya kuondoka nikabana breki: mkono wa breki ukaenda mpaka ukagusa mpini! Nikapampu mara kadhaa, ukakaza. Nikajua ni pistoni tu (zile zinazosukuma pedi) zilirudishwa nyuma ili pedi mpya ziingie.

Shida ni kwamba ikilala usiku, asubuhi mkono uko laini tena kama sifongo, mpaka nipampu. Nimekagua: mafuta hayajashuka, hakuna unyevu kwenye mpira wa mafuta ya breki wala kaliperi (kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski), tairi nikiliinua linazunguka bila kukwama. Fundi anasema pedi zitazoea zenyewe. Sijaridhika. Pedi kuzoea diski naelewa, lakini hilo ni suala la kushika, si la mkono kulegea.

Kwa sasa nimeipaki. Je, hii ni hewa iliyobaki kwenye mfumo, au silinda ya juu (ile ya kwenye mpini inayosukuma mafuta) imechoka? Na kufunga mkono wa breki kwa kamba ukiwa umebanwa usiku kucha kunasaidia kweli, au nitoe hewa upya tu?