Kichanga wa kike ana uvimbe kinenani: ngiri inaonekana kwa altrasaundi?

MamaNjiti (Igoma)
Shikamooni wakubwa. Binti yangu ana wiki tano, alizaliwa njiti. Juzi namwogesha nikaona kitu kama punje ya harage kinenani, kushoto. Ukikigusa kinateleza chini ya kidole. Kipo muda wote, alie asilie. Zahanati wakasema mtoki, wakatupa antibayotiki. Bibi yake kaja toka Ukerewe anataka akikande kwa maji ya moto kirudi. Jirani anasema nikampige altrasaundi, huenda ni ngiri. Jamani, ngiri kwa mtoto wa kike?

SangaraMbichi
Ngiri ni ya wanaume dada. Hilo chango tu.

MpigaPicha_Kirumba
Mkuu, rudi kwenye sangara wako. Wa kiume wanaipata zaidi, ila wa kike wapo, hasa njiti. Kuna kijinjia cha kutoka tumboni kuja kinenani. Kisipojifunga, vitu vinashuka. Kwa vichanga wa kike mara nyingi kinachoshuka ni ovari, wala si utumbo. Ndiyo maana hilo harage linaloteleza na halirudi linanitia wasiwasi.

Kwenye kioo cha altrasaundi ovari haijifichi: kiduara chenye vitundu vyeusi ndani, ndivyo vifuko vya mayai. Mtoki sura yake nyingine kabisa, na maji matupu yanakuwa meusi tii. Halafu tunawasha rangi tuone kama damu inafika. Damu ikionekana usibweteke lakini, maana ovari inaweza kujisokota na damu kidogo bado ikapita. Omba watumie kile kichwa bapa cha mashine cha kuangalia vitu vya juu juu, siyo cha mimba. Picha haina mionzi, usiogope.

MamaWawili_Sengerema
Wangu ilikuwa hivyohivyo, akapasuliwa, leo anakimbia. Mwambie bibi asikande wala asibonyeze! Na uvimbe ukiwa mwekundu, au mtoto akitapika na kulia mfululizo, nenda usiku huohuo, foleni ya picha utaikuta hukohuko.

MamaNjiti (Igoma)
Mrejesho: tumetoka hospitali ya Bugando. Ni ovari. Vitundu nimeoneshwa mwenyewe, kama mbegu za pasheni. Damu inapita, na daktari wa upasuaji amesema hatusubiri, keshokutwa mtoto anaingia chumba cha upasuaji. Bibi nimempigia. Beseni lake la kukandia anasema atalifulia nepi.