Kiingilio cha Xijiang: Wamiao wananufaika au wanauzwa?

Mkwezi: Wakuu, kuna kijiji cha Wamiao, kabila dogo la China, kinaitwa Xijiang, mkoani Guizhou. Nyumba za mbao zaidi ya elfu moja zimepanda mlima, na getini unakata tiketi. Walifanyia pale mkutano wa utalii wa mkoa mwaka 2008, wageni wakafurika. Mimi naona watu wanauzwa. Hata mapambo ya madini ya fedha wanayovaa mabinti ni feki.

Mama Zuhra: Feki? Kaka, chunga mdomo. Nimesoma Guizhou, nikafika Kongbai, kijiji cha masonara wa Kimiao. Fundi anaivuta fedha kwenye tundu za bamba la chuma, moja baada ya nyingine, mpaka inakuwa nyembamba kama uzi, kisha anaisokota maua. Ufundi huo uko kwenye orodha ya urithi wa taifa la China tangu 2006. Mama anaanza kukusanya taji na vidani binti yake angali mdogo. Unaita feki?

Mkwezi: Nimesema za watalii, dada. Zile za kukodi upige picha.

Mama Zuhra: Hukusema hivyo. Soma ulichoandika.

Mzee wa Kariakoo: Zamani waliyeyusha sarafu za fedha kutengeneza mapambo. Sarafu ya serikali inaishia shingoni mwa bibi harusi! Hao si watu wa kuonewa huruma.

Shaibu_GZ: Turudi kwenye tiketi jamani. Hapo hapo wilaya ya Leishan kuna Langde. Wao waligawana mapato kwa pointi: ukija uwanjani kwenye ngoma ya wageni unapata, mzee anapata, mtoto anapata, ukivaa mavazi kamili ya Kimiao unaongezewa. Hiyo ndiyo haki.

Mkwezi: Pointi hazina maana wageni wakipita kwenda Xijiang. Vijana wa huko wameondoka, wako viwandani mkoani Guangdong.

Mama Zuhra: Si ulikuwa unaipinga Xijiang? Sasa unaipigia debe!

Mkwezi: Napinga nyumba kugeuzwa maonyesho. Pale kaya hulipwa fungu la tiketi kwa jinsi ilivyoitunza nyumba ya mbao. Ukijenga vingine, unakatwa.

Mama Zuhra: Afadhali walipwe. Wa vijiji vingine wanazitunza bure na hakuna anayewauliza.

Mzee wa Kariakoo: Binti yangu, na anayetaka ya saruji kwa sababu mbao zinaungua? Nyumba ni yake au ya mtalii?