Mrejesho: Mdogo wangu aliyepigwa akibandika mabango ya kampeni Kirumba

Ndugu zangu, niliomba ushauri baada ya vijana wa chama pinzani kumpiga mdogo wangu alipokuwa akibandika mabango ya mgombea udiwani karibu na soko la Mwaloni, jijini Mwanza. Kituo cha polisi alipewa PF3, fomu ya polisi ambayo daktari hujaza kuhusu majeraha, ambayo nasisitiza itafutwe mapema, kwa kuwa ndiyo inayounganisha majeraha na kosa lililoripotiwa. Kisha chama chake kikawasilisha malalamiko ya maandishi kwenye Kamati ya Maadili ya kata, inayosikiliza malalamiko ya ukiukwaji wa maadili ya uchaguzi. Watuhumiwa waliitwa, wakakana. Mashahidi, wote wachuuzi wa dagaa, wamekataa kuandika maelezo wakihofia meza zao, nami siwalaumu, maana kura zikishahesabiwa watabaki sokoni na watu walewale. Jalada la polisi halijafungwa.