Kuvunja vyungu jukwaani ni kuwaenzi wafinyanzi wa Ikombe?

Mwana Kyela:
Wiki iliyopita nilitazama onyesho la sanaa hapa jijini. Msanii, kijana wa kiume, kajipaka udongo mwili mzima, mbele yake vimepangwa vyungu kama arobaini vya Wakisi, watu wa ufukwe wa Ziwa Nyasa. Akacheza, akaomboleza, kisha akavivunja kimoja kimoja mpaka jukwaa likajaa vigae. Mwishoni tukaambiwa hiyo ni heshima kwa akina mama wa Ikombe, kijiji cha wafinyanzi wa Kikisi, ambao ufundi wao unakufa. Ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi. Mimi nilibaki nimekaa.
Nimekulia Kyela. Najua udongo ule unavyochimbwa, ukatwangwa, ukakandwa, mama akafinyanga huku akizungusha chungu kwa mkono, akakisugua, akakipaka rangi ya udongo mwekundu, akasubiri kikauke ndipo akichome. Kikipasuka motoni, kazi ya siku zote hizo imekwenda. Vinavyopona vinapakiwa mitumbwini hadi gulio la Lyulilo pale Matema, Jumamosi. Halafu mtu anavunja arobaini vizima na kuita heshima! Naombeni maoni yenu.

Jukwaa Huru:
Ndugu, mimi nilishiriki kuandaa onyesho hilo. Vyungu tulivinunua kwa pesa zetu. Ulisikia uchungu kila kimoja kilipopasuka? Basi tulifanikiwa. Sufuria na ndoo za plastiki zimemaliza vyungu vingi kuliko sisi, na hakuna aliyebaki amekaa kwa hasira. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Tulitaka watu wayaone hayo machozi.

Mrima Asilia:
Machozi yametoka wapi tena? "Hulia" hapo ni kula. Anayewafinyangia watu vyungu vizuri, mwenyewe chakula chake anakilia kwenye kigae. Ndiyo maana ikasemwa "gaeni", mahali anapolia chakula. Ukitaka kumwenzi mtu kwa methali, ijue kwanza methali yenyewe.

Jukwaa Huru:
Sawa mkuu, lakini hii tabia ya watu wa pwani kutukagua Kiswahili kila tukifungua mdomo imetuchosha. Neno moja linaweza kubeba maana mbili. Msanii ana haki ya kuchukua ile ya pili.

Dereva wa Tukuyu:
Hata bibi yangu Rungwe aliitumia kwa maana ya kilio. Chungu kikivunjika, mwenye chungu analia. Mimi naona inaeleweka.

Mrima Asilia:
Bibi yako namheshimu. Lakini kuna kijiko cha kulia na chumba cha kulia, na kijiko hakijawahi kutoa chozi. Hata mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula. Hii si pwani wala bara, ni lugha yetu sote.

Dereva wa Tukuyu:
Hilo la mkono wa kulia sikuwahi kulifikiria. Umenifundisha.

Jukwaa Huru:
Basi sote tumefundishwa. Turudi kwenye sanaa. Botswana ufinyanzi wao umeingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO tangu 2015, kwa sababu walikubali kusema wazi kwamba ufundi unakufa. Sisi tukisema tunaambiwa dharau.

Mwana Kyela:
Ni 2012, na ni ufinyanzi wa wilaya ya Kgatleng, katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Orodha hiyo inataka jamii yenyewe ishiriki na iridhie, na kuwe na mpango wa kuulinda na kuurithisha ufundi huo. Tanzania nayo iliridhia mkataba wa UNESCO wa kulinda urithi wa aina hiyo mwaka 2011. Mama yupi wa Ikombe aliridhia onyesho lenu?

Binti wa Ufukweni:
Nimesoma tangu juu. Mama yangu ni Mkisi, anafinyanga mpaka leo, na mimi nilikuwa nakanda udongo kabla sijajua kuandika. Kwanza, nani amewaambia tumekufa? Pili, hatulii gaeni. Tunakula kwenye sahani za melamini kama ninyi. Mmebishana hapa kama mama yangu analia au anakula, na hakuna hata mmoja aliyeuliza.
Mimi niliacha kwa sababu ya mgongo, kuni na bei. Kuni zinafuatwa mbali, na mnunuzi akifika gulioni anataka vyungu viwili kwa bei ya kimoja, wakati kwenye sufuria habishani na mwenye duka. Hilo halikuonekana jukwaani. Alionekana mwanamume anacheza kazi ambayo kwetu ni ya wanawake.

Jukwaa Huru:
Dada, pole. Nimekaa muda kabla ya kujibu. Kuwaalika tulikufikiria, ila nauli na malazi vilizidi bajeti. Lakini jambo la mwanamume silikubali. Tukisema mwanamume haruhusiwi hata kuigiza kazi ya mama yake, tutawazuia na wavulana wanaotaka kujifunza.

Binti wa Ufukweni:
Mvulana akija kujifunza atafundishwa. Yule hakuja. Na bajeti iliyotosha vyungu arobaini vya kuvunja ingemtosha mama mmoja kuja kukaa mbele ya watu na kufinyanga kimoja.

Mrima Asilia:
Dada, nisamehe. Nilikazana na neno nikamsahau mwenye kazi. Kuhusu kufinyanga mbele ya watu una hoja nzito. Mfinyanzi Ladi Kwali wa Nigeria alizunguka Ulaya na Marekani akijenga mitungi hadharani kwa mkono, bila gurudumu, akiuzunguka kila mtungi kwa miguu yake mwenyewe. Watu walikuja kutazama hilo tu. Leo yuko kwenye noti ya naira 20.

Jukwaa Huru:
Noti ni baada ya kufa. Alifariki 1984. Mnaniunga mkono bila kujua: tunawaona wakishaondoka.

Mwana Kyela:
Lakini safari zile alizifanya akiwa hai, na mikono iliyoonekana ilikuwa yake.

Dereva wa Tukuyu:
Mimi napeleka mizigo Mbeya, na vyungu navipakia mara kwa mara. Vinavunjika njiani kwa sababu vinafungwa na majani machache, halafu hasara anabebeshwa mama. Kama mnatafuta pa kuweka pesa za heshima, wekeni kwenye maboksi na nyasi za kufungia.

Mrima Asilia:
Nyumbani kwetu maji ya kunywa tuliyaweka mtungini. Yanapenya kidogo kidogo kwenye udongo, yanakauka nje, ya ndani yanabaki baridi bila umeme. Nimekaa miaka mingi na friji na sijapata tena ladha ile. Dada, mtungi mkubwa mama anauza?

Binti wa Ufukweni:
Anauza. Ukubwa gani, na utaupokelea wapi?

Mrima Asilia:
Ndoo moja ya lita 20 iingie yote. Tanga.

Dereva wa Tukuyu:
Mpaka Mbeya mjini nitaufikisha mzima. Wa kuendelea na Tanga ajitokeze.