Nondo wa Oktoba wamepungua mtegoni, tatizo ni taa?

Wadau, habari za asubuhi. Niko Reading, Uingereza. Tangu Juni nawasha mtego wa taa bustanini kila Ijumaa na kuandika daftarini kila nondo (wadudu kama vipepeo wa usiku). Julai trei za mayai ninazoweka mtegoni ili nondo watue zilijaa. Jana wamenasa watatu tu. Mmoja ni wa kijani kibichi, mabaka meusi na meupe mbawani, ukimweka kwenye gome la mti lenye kuvumwani (uoto wa kijivu-kijani) humwoni. Mwezi ulikuwa mpevu na baridi kali. Nibadilishe taa?

Jibu: Taa haina shida, dada. Mbalamwezi na baridi ndivyo vimekupunguzia. Ngoja usiku wa mawingu, usio na upepo. Huyo wa kijani ni Griposia aprilina, hongera sana! Kiwavi wake hula majani ya mwaloni.

Jibu: Tena usitegemee mtego peke yake. Usiku chukua tochi ukakague maua ya ivi, ule mmea unaotambaa ukutani. Majira haya ndiko nondo wanakokunywa nekta. Na usiku ukikosa kitu, andika sifuri, usiruke.

Muulizaji: Nimetoka sasa hivi. Ukutani kwa jirani, nondo saba juu ya ivi, macho yanang'aa kama makaa! Nimeshawaandika.