Bodi inataka SSN kabla ya FE, mwanafunzi hana: msaada wenu

Kutoka: Mwaka wa Nne

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu.

Nipo Marekani kwa viza ya mwanafunzi ya F-1, mwaka wa mwisho, uhandisi ujenzi, programu yetu ina ithibati ya ABET. Nataka FE, ule mtihani wa kwanza wa kuelekea leseni ya uhandisi, niumalize kabla ya kuhitimu Mei. Nimefungua akaunti ya MyNCEES kwa NCEES wanaotunga mtihani, nikachagua FE Civil, nikachagua bodi ya wahandisi ya jimbo ninakosoma. Hapo ndipo palipokwama. Bodi hiyo inataka maombi yapite kwao kwanza, na fomu yao ya mtandaoni ina kisanduku cha SSN (namba ya hifadhi ya jamii) ambacho ukikiacha wazi haikuruhusu kwenda ukurasa wa pili. SSN sina, kwa sababu sijawahi kuajiriwa hata maktaba. Nimewaandikia barua pepe, wamenijibu kwa kunitumia kiungo cha fomu ile ile.

Naomba kujua: (a) nikichagua bodi ya jimbo jingine nitaharibu kitu huko mbele? (b) hicho kisanduku mtu wa F-1 asiye na kazi anakijaza nini?

Kutoka: Nondo, Houston

(a) Chagua, hakuna ubaya. Mtihani ni mmoja nchi nzima, maswali 110, na ukifaulu matokeo yanakaa kwenye akaunti yako ya MyNCEES wala hayachachi. Kituo cha Pearson VUE, unakofanyia mtihani, hakihusiani na bodi. Unaweza kujiandikisha chini ya Texas ukaufanyia mtihani Ohio. Texas haimdai mwanafunzi wa programu ya ABET maombi ya awali. Unawalipa NCEES dola 225, unapata barua pepe ya ruhusa, unaingia Pearson VUE kupitia akaunti hiyo hiyo na kuchagua siku. Tangu Januari 2014 FE ni ya kompyuta na inafanyika mwaka mzima. Wakikwambia habari za kusubiri Aprili na Oktoba, hao ni wa enzi za karatasi na penseli.

Kutoka: Mzee Kokoto, Minneapolis

Marahaba, mwanangu.

Nondo, usimpe mtoto nusu ya habari. Kufaulu FE ni jambo moja, cheti cha EIT (mhandisi aliye mafunzoni) ni jambo jingine. Cheti hakitolewi na NCEES, kinatolewa na bodi ya jimbo kwa maombi mengine, na majimbo mengi hawakupi mpaka shahada iwe imeshaandikwa kwenye transkripti. Kwa hiyo akikimbilia jimbo lisilotaka maombi ya awali, amepata kufanya mtihani, lakini siku ya kuomba EIT kisanduku kile kile kinamsubiri. Ameahirisha, hajatatua.

Na msidhani bodi zinauliza SSN kwa ukorofi. Sheria ya shirikisho ya 1996, ile ya mageuzi ya misaada ya ustawi, iliyaagiza majimbo yarekodi SSN kwenye maombi ya leseni za kitaaluma ili wazazi wanaokwepa matunzo ya watoto wapatikane. Ndiyo maana fomu ya mhandisi, ya muuguzi na ya kinyozi zote zina kisanduku hicho. Sheria inasema namba irekodiwe; haikusema asiyekuwa nayo afukuzwe. Yako majimbo yenye hati ya kiapo ya kutamka kwamba mwombaji hajawahi kupewa SSN, na yako yanayopokea ITIN, namba ya kodi ya asiye na SSN. California wanapokea ITIN kwa sheria waliyoipitisha 2014.

Kwa hiyo, jimbo gani? Hujataja jimbo.

Kutoka: Mama Ramani, Columbus

Basi aombe ITIN, yaishe. Fomu ni W-7, anaambatisha pasipoti.

Kutoka: Bin Fundi, Maryland

Mama Ramani, kwa heshima zote, haiishi hivyo. W-7 peke yake inarudishwa. IRS, mamlaka ya kodi, wanataka iambatane na ritani ya kodi, au sababu mojawapo ya zile walizozitaja kwenye maelekezo ya fomu, na "bodi ya wahandisi inaidai" haimo. Kwa mwanafunzi njia halali ni skolashipu: ile sehemu inayozidi ada na vitabu vya lazima, yaani ya chumba na chakula, kwa kawaida inatozwa kodi. Akiwa nayo anajaza 1040-NR (ritani ya mgeni asiye mkazi), anaibandika W-7 mbele, anatuma vyote pamoja. Asiye na kipato chochote cha Marekani anajaza Fomu 8843 tu, na hiyo haihitaji ITIN, kwa hiyo haimpi sababu ya kuiomba.

Na pasipoti halisi usiitume kwa posta ukiwa na safari. Tafuta wakala aliyeidhinishwa na IRS kuthibitisha nakala. Baadhi ya vyuo wanaye ofisi ya wanafunzi wa kigeni.

Njia fupi kuliko zote ni kazi ya chuoni, hata ya saa nne kwa wiki. F-1 anaruhusiwa mpaka saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Ukishapata ahadi ya kazi unachukua barua ya mwajiri, barua ya DSO (ofisa wa chuo wa wanafunzi wa kigeni), I-20 (hati ya chuo ya F-1), I-94 (rekodi ya kuingia nchini) na pasipoti, unakwenda ofisi ya SSA, wanaotoa SSN, na fomu SS-5. Usiende zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza kazi, watakurudisha. CPT, kazi ya mafunzo iliyo sehemu ya masomo, nayo inatosha, maana ruhusa inakuwa imeandikwa kwenye I-20 yenyewe.

Kutoka: Mama Ramani, Columbus

Sawa mwalimu. Ungesema tu bila "kwa heshima zote".

Kutoka: Jua Kali, Dallas

Watu wa Bongo mnapenda kurefusha. Kabla ya SSN, huyu kijana ahakikishe ABET yake ni ipi. "Programu ina ABET" haitoshi. Tume ya EAC ni uhandisi. ETAC ni teknolojia ya uhandisi, ile shahada ambayo jina lake linaishia na Technology. Majimbo mengine hayapokei ETAC kwa PE (leseni yenyewe ya mhandisi) kabisa, mengine yanaipokea lakini yanaongeza miaka ya uzoefu juu ya ile minne ya kawaida. Ingia tovuti ya ABET, tafuta jina la chuo, soma jina la tume iliyoandikwa mbele ya programu. Utasoma miaka minne halafu uambiwe hesabu zako za kalkulasi hazitoshi, ni hasara.

Na wenye shahada za nyumbani, UoN, JKUAT, UDSM, msijifariji na Washington Accord, mkataba wa kutambuliana shahada za uhandisi, kwa kuwa Afrika Kusini imo. Bodi za majimbo hazifungwi na mkataba huo. Nyingi zitataka tathmini ya NCEES Credentials Evaluation, na transkripti itoke chuoni moja kwa moja, isipitie mikononi mwako. Hapo ndipo kwenye kazi.

Kutoka: Nondo, Houston

Hakuuliza shahada ya nyumbani, Jua Kali. Ameuliza SSN.

Mwaka wa Nne, wakati wanabishana, angalia jina lako. Wengi wetu tuna matatu, lako, la baba, la babu, na kila ofisi ya hapa inayapanga kivyake. Pearson VUE wanalinganisha jina la kwanza na la mwisho la kwenye usajili na la kwenye kitambulisho. Pasipoti ikiwa na majina mawili mbele na la ukoo nyuma, andika MyNCEES kama ilivyo kwenye pasipoti, siyo kama darasani wanavyokuita, wala kama leseni ya udereva ilivyokatwa. Kitambulisho cha chuo hakikubaliki. Kinatakiwa cha serikali, chenye picha, sahihi na tarehe ya mwisho ambayo haijapita. Kosa la jina likigundulika baada ya kulipa, waandikie NCEES na nakala ya pasipoti mapema. Mlangoni hakuna wa kukusikiliza. Unarudi nyumbani na ada imekwenda.

Kutoka: Mwaka wa Nne

Asanteni sana. ABET ni EAC, nimehakikisha. Jina nimelisahihisha. Skolashipu yangu ni ya ada tu, kwa hiyo 1040-NR hainihusu. Kazi za chuoni muhula huu zimejaa. Kwenye kile kisanduku kuna mtu kanishauri niweke sifuri tisa ili fomu ipite. Ni sawa?

Kutoka: Mzee Kokoto, Minneapolis

HAPANA. Mwisho wa fomu unasaini kwamba yote ni kweli, na faili hilo hilo litafunguliwa tena siku unaomba PE. Bodi inaweza kukunyima leseni kwa udanganyifu hata kama hesabu unazijua kuliko wao. Omba fomu ya karatasi, au uliza kama wana kiapo cha kutokuwa na SSN. Jimbo gani, mwanangu?

Kutoka: Mama Ramani, Columbus

Na akumbuke kikokotoo (siyo kile cha mafao, msije mkaanza). Vinavyoruhusiwa ni Casio zenye fx-115 au fx-991 kwenye jina la modeli, HP 33s na 35s, na Texas Instruments zenye TI-30X au TI-36X. TI-84 ya darasani unaiacha kwenye kabati la nje pamoja na simu na saa. Karatasi hairuhusiwi; wanakupa kijitabu cha kufutika na kalamu yake. Kitabu cha fomula unakiona kwenye skrini, na nakala ya PDF unaipakua bure kwenye akaunti ya MyNCEES. Ufanyie mazoezi yako yote kwa PDF hiyo, kwa kutafuta neno na siyo kupekua kurasa, maana muda unaisha kwenye kutafuta.

Mtihani ni saa sita.

Kutoka: Bin Fundi, Maryland

Miadi ndiyo saa sita. Mtihani ni saa 5 na dakika 20. Dakika 2 za kukubali masharti ya usiri, 8 za maelezo ya kompyuta, 25 za mapumziko. Mapumziko yanakuja ukishawasilisha sehemu ya kwanza, na ukishaiwasilisha hurudi nyuma. Jibu baya halikati alama, kwa hiyo usiache swali wazi.

Ukifeli, nafasi ni moja kwa kila robo ya mwaka, kuanzia Januari, Aprili, Julai au Oktoba, na zisizidi tatu ndani ya miezi 12. Anayehitimu Mei asipange mwisho wa Aprili. Apange Machi, ili akiteleza robo ya Aprili bado iwepo. Matokeo yanatoka ndani ya siku 7 hadi 10.

Kutoka: Jua Kali, Dallas

Mtu akisoma haya yote anatamani kurudi EBK, bodi ya wahandisi ya Kenya. Nyumbani unaandika ripoti yako, unaitwa usailiwe na wahandisi wenzako, unatoka na Eng. mbele ya jina.

Kutoka: Mzee Kokoto, Minneapolis

Na ERB, bodi yetu ya Tanzania, wana SEAP, mpango wa mafunzo kazini, tangu 2003, miaka mitatu chini ya mhandisi msimamizi, halafu Siku ya Wahandisi mnakula kiapo ukumbini, wazazi wamekuja na kanga mpya. Hapa leseni inakuja kwa posta kama bili ya umeme. Hilo nalikosa.

Lakini msiseme kwetu ni mteremko. PE ya hapa haikupi usajili wa ERB. Utapeleka shahada TCU, tume ya vyuo vikuu, itambuliwe, kisha uombe kama wengine. Makubaliano ya 2012 ya Afrika Mashariki yanamsaidia aliyekwishasajiliwa Dar, Nairobi au Kampala, siyo wewe wa Minnesota.

Kutoka: Nondo, Houston

Na viapo vyote hivyo, Kariakoo Novemba 2024 jengo limewaporomokea watu mchana kweupe. 2013 lile la ghorofa 16 mtaa wa Indira Gandhi. Huruma, Nairobi, 2016. Mihuri ipo, nani anakwenda saiti kuangalia nguzo?

Kutoka: Jua Kali, Dallas

Wewe uko Texas unasema hivyo? Sheria ya wahandisi ya Texas ni ya 1937, na iliharakishwa na mlipuko wa gesi wa shule ya New London mwezi Machi mwaka huo huo, watoto karibu 300. Hata hawa walisubiri mazishi. Tofauti ni kwamba hapa mchoro bila muhuri wa PE haupiti manispaa. Kwetu unapita na chai.

Kutoka: Mama Ramani, Columbus

Jamani, siasa zina siku yake. Mtoto ana mtihani.

Jambo moja ambalo tuliosoma nyumbani hulidharau ni vipimo. FE inachanganya SI na vya Kimarekani. Kip moja ni paundi-nguvu 1,000, ksi ni kip kwa inchi ya mraba, maji ni paundi 62.4 kwa futi ya ujazo. Hiyo 62.4 aikariri, itamfikisha mbali kwenye haidroliki.

Kutoka: Bin Fundi, Maryland

Itamfikisha pabaya asipoangalia. 62.4 ni uzito kwa ujazo. Kwenye shinikizo la maji, zidisha na kina, umemaliza. Kwenye namba ya Reynolds, na mnato ukiwa umetolewa kwa paundi-nguvu sekunde kwa futi ya mraba, unahitaji msongamano wa slug 1.94 kwa futi ya ujazo, yaani 62.4 gawanya kwa 32.2. Ukiingiza 62.4 jibu linakuwa kubwa mara 32, na mtiririko laini unaonekana wa msukosuko. Watunga mtihani wanalijua kosa hilo, na jibu lake huwa limewekwa pale kati ya yale manne linakungoja.

Kutoka: Mama Ramani, Columbus

Ndiyo maana nimesema haidroliki, sikusema Reynolds.