Wakuu naomba mwongozo, Kristolojia ya kisasa imenishinda, nianzie wapi?

Mwinjilisti_Jioni
Shalom wapendwa. Mimi ni mwinjilisti wa mtaa, nasoma diploma ya theolojia masomo ya jioni. Kristolojia, yaani somo la Kristo ni nani, ile ya zamani nilikua naimudu, mitaguso ya Nikea 325 na Kalkedonia 451, Kristo nafsi moja asili mbili, bila kuchanganyika bila kugeuka bila kugawanyika bila kutengana, nikakariri nikafaulu. Sasa semista hii lekchara kaja na wanatheolojia wa karne ya 20, Barth, Bultmann, Pannenberg, Moltmann, kila mtu anavutia kwake, mara Kristolojia ya kutoka juu mara ya kutoka chini, asaimenti ni kurasa 10 mi nina ukurasa mmoja na nusu na hiyo nusu ni jina na namba ya usajili.

Kilichonimaliza sio darasa lakini. Jumatano kwenye kipindi cha Biblia tunasoma Marko 13:32, kwamba siku ile hata Mwana haijui, mzee mmoja fundi cherehani akavua miwani akauliza, "Mwinjilisti, hajui kweli au alijifanya hajui? Maana Wafilipi 2:7 imeandikwa alijifanya." Watu wote wakanigeukia. Nikasema tuombe. Tukafunga dakika 20 kabla ya muda.

Nianze na nini? Halafu haya masomo hayatanipotezea imani kweli, maana mama mchungaji kashanionya.

BintiSayuni
"Tuombe" imeokoa wengi mtumishi 😂😂

Ngosha_Mkavu
Achana na falsafa za Wazungu, Yesu ni Mungu basi. Nina binamu alienda kusoma hayohayo karudi anasema kila muujiza ni mfano, sasa hivi anauza simu.

IotaMoja
Mkuu huyo fundi kakupa asaimenti nzima bure. Kigiriki pale ni ekenosen, yaani alijimwaga, akawa mtupu. Biblia ya Union Version wakaweka "alijifanya kuwa hana utukufu", hapo ni kujigeuza, ila Kiswahili chetu cha kila siku ukisikia fulani anajifanya unajua kinachosemwa. Biblia ya Habari Njema wameandika aliachilia. Sasa neno hilohilo ndo walilolikamata wanatheolojia wa Kijerumani wa karne ya 19 akina Thomasius, kwamba Mwana aliweka kando kujua yote na uweza wote ili awe mtu kwelikweli. Ukimjibu mzee kwamba alikua anaigiza umeshaangukia kwa Wadoketi, wale wa kale waliosema Yesu alionekana tu kama mtu, ukisema aliacha uungu wote utaulizwa basi nani alituokoa msalabani.

Hiyo juu na chini isikutishe. Barth anaanza na Neno aliyeshuka. Pannenberg kwenye kitabu chake cha 1964 anaanza na Yesu wa Nazareti kama mtu wa historia, anafuata mpaka ufufuo, anasema hapo ndo Mungu alithibitisha madai ya Yesu. Kwahiyo kaanzia chini lakini hakubaki chini. Wengi wanaandika "chini" maana yake kukana uungu, maksi zinaondoka hapo.

Mi ningeanza na Bonhoeffer, mwanatheolojia Mjerumani, mihadhara yake ya Kristolojia ya Berlin 1933. Ni mifupi, mswada wenyewe ulipotea, tulichonacho kimeungwaungwa kutoka kwenye daftari za wanafunzi. Anasema tunakimbilia kuuliza imewezekanaje Mungu awe mtu, wakati swali la kwanza ni kumuuliza Kristo, wewe ni nani.

Frateri_Mstaafu
Mmeruka nyumbani hivihivi? Padre Charles Nyamiti, Mtanzania mwenzenu, 1984 alitoa kitabu kuhusu Kristo kama mhenga wetu, ndugu-mhenga, na Bujo, mwanatheolojia wa Kongo, nae anamuita mhenga wa kwanza. Binafsi napenda ila sijatulia, maana mhenga ni aliyekufa, ukimwambia bibi yangu Yesu ni mhenga atauliza tunachinja lini. Ila kwenye asaimenti weka, lekchara wengi wanafurahi kuona umetoka nje ya Ujerumani.

Ngosha_Mkavu
Mnazidi kumpoteza tu

Mwinjilisti_Jioni
Asanteni sana. Nimefungua Habari Njema ya mke wangu, kweli ni aliachilia. Jumatano nampelekea mzee zote mbili azisome mwenyewe. @IotaMoja sasa kama kujua yote aliachilia, mbona Yohana 2:25 anajua yaliyomo ndani ya mwanadamu? Maana najua mzee nae ataifika tu hiyo.